MCP kwa jicho la anayeandika maelezo ya zana: naipa nyota 4 kati ya 5

Wakuu, hii naiandika kwa wale wanaotengeneza programu ambao siku hizi wanaambiwa "unganisha mfumo wetu na AI" halafu wanaachwa wenyewe. Naona watu wanaiongelea MCP (utaratibu wa kuunganisha ajenti wa AI na mifumo mingine) kama suala la kuunganisha tu, hiki kinaingia pale kile kinatoka huku basi, ila kwa jinsi nilivyoitumia mimi sehemu kubwa ya kazi ni kuandika. Kuandika sentensi zinazoeleweka. Seva yenyewe unaimaliza haraka tu, lakini yale maelezo ya zana (kazi moja moja ambazo mfumo wako unamruhusu ajenti aziite) ndo yanaamua kama ajenti, yaani AI inayofanya kazi kwa kuita zana hizo, atafanya kazi ya maana au atakaa anabahatisha. Kwa hiyo hapa sitaongelea spidi wala usanidi wala nani anaiweka kwenye seva gani, naongelea kitu kimoja: MCP inakusaidia kiasi gani kumweleza ajenti kwamba zana hii ni ya nini, inatumikaje, na wapi isiguswe.

Kwa ambao hawajakutana nayo, kirefu chake ni Model Context Protocol, Anthropic (kampuni ya AI ya Claude) waliitoa Novemba 2024 ikiwa wazi kwa kila mtu, Machi 2025 OpenAI nao wakatangaza wanaitumia, na Desemba 2025 ikahamishiwa chini ya mwamvuli wa Linux Foundation kwa hiyo sio tena ya kampuni moja. Inavyofanya kazi sio kitu kigumu. Klaienti (programu anamofanyia kazi ajenti) akishaunganishwa na seva yako anaomba orodha ya zana kwa mwito wa tools/list, seva inamrudishia kila zana na jina lake, maelezo yake na skima (muundo) ya vitu inavyopokea, vyote vinawekwa mbele ya modeli (ile AI yenyewe inayoamua), na modeli ikiamua kutumia zana fulani unakuja mwito wa tools/call. Ndo hivyo tu. Modeli haijaona kodi yako na haitaiona, haijui mliongea nini kwenye kikao, haijui kwamba ile parameta ya status mliiacha tu kwa sababu ya mteja mmoja wa zamani. Yale maandishi uliyoyarudisha kwenye orodha ndo ulimwengu wake wote kuhusu zana yako.

Na kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye MCP kiko hapo hapo. Maelezo yamepewa mahali pa kukaa ambapo lazima yasomwe. Zamani maelezo ya mfumo yalikuwa kwenye tovuti huko, mengine kwenye README, mengine kichwani kwa jamaa aliyeshaacha kazi, na ajenti kuyafikia ilikuwa bahati. Sasa maandishi yanakaa ubavuni kwa zana, zana ikibadilika na maandishi yanabadilika kwenye komiti ile ile, na anayeyasoma anayasoma kila mara kabla ya kuamua. Ukitumia SDK yao (maktaba ya kutengenezea seva) ya Python ndo raha zaidi, unaandika fankisheni ya kawaida, docstring yake (yale maelezo unayoandika mwanzoni mwa fankisheni) inakuwa description, yaani maelezo, ya zana, aina za data ulizotaja zinakuwa skima, yaani mtu aliyezoea kuandika docstring nzuri anajikuta ameshamaliza nusu ya kazi bila kufungua faili lingine. Ukitaka kila parameta iwe na maelezo yake peke yake unatumia Field ya Pydantic (maktaba ya Python ya kukagua data), nayo inaingia kwenye skima vizuri kabisa.

Sasa ile nyota niliyoikata. Kwenye MCP jina la zana ni lazima, inputSchema ni lazima, ila description ni hiari. Ndiyo, hiari! Unaweza kupandisha seva yenye zana kibao bila sentensi hata moja ya kueleza na protokali ikakubali bila kulalamika. Kitu ambacho ajenti anakitegemea kuliko kingine chochote ndo hicho walichokiacha mlango wazi, na matokeo yake unakutana na seva za watu mtandaoni zana inaitwa getData na maelezo yake ni "Gets data". Hapo umemwambia nini huyo ajenti? Data gani, ya nani, ya lini, ikikosekana inakuwaje? Binadamu akikutana na hiyo atauliza mwenzake au atafungua kodi aone. Ajenti mara nyingi hana wa kumuuliza, na modeli zilivyo haziachi pengo wazi, zinalijaza kwa kukisia, tena kwa kujiamini kabisa.

Mi nashangaa kwa sababu hili suala lilishafikiriwa muda mrefu sana. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, kila amri ilikuwa na sehemu zake: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili inayoyagusa, ujumbe wa makosa, na hadi sehemu ya BUGS ambapo mwenye programu anasema wazi wapi inaharibika. Mwaka 1971! Hizo sehemu mbili za mwisho, makosa na kasoro, ndo ajenti anazihitaji kuliko zote na kwenye muundo wa zana za MCP hazina chumba chake. Inabidi uzibebe mwenyewe uzitie ndani ya description, na wengi hawazitii.

Ngoja nitoe mfano maana bila mfano tunapiga soga tu. Tuseme una zana ya kutafuta oda, inaitwa list_orders. Maelezo ambayo watu wengi wangeandika ni "Inarudisha orodha ya oda." Sasa linganisha na haya:

"Tafuta oda za mteja mmoja kwa customer_id. Tumia pale mtumiaji anapouliza oda yake iko wapi, imefika hatua gani au imekwama. Usitumie kutafuta bidhaa au bei, hiyo ni kazi ya search_products. Inarudisha oda 20 za karibuni, mpya zikitangulia. Kama kuna zaidi utapata next_cursor. Oda zilizofutwa hazionekani hapa. Kama huna customer_id ita find_customer kwanza."

Hayo ni maneno machache tu, hayajazi hata aya ndefu, lakini angalia yamefunga milango mingapi. Sentensi ya pili imebeba maneno ambayo mtumiaji wa kawaida ndo anayatamka, "imekwama", "iko wapi", na hii watu wanaidharau sana, ajenti anatakiwa kuvuka kutoka maneno ya mtu mwenye shida hadi jina la zana, usipomwekea daraja atavuka popote. Ya tatu inasema usitumie wapi na inataja jina la zana sahihi, sio "usitumie kwa mambo mengine" ambayo haisaidii kitu. Ile ya 20 inamzuia ajenti kumwambia mtu "una oda 20 jumla" wakati ana mia. Ya oda zilizofutwa inazuia lile jibu baya kuliko yote, "oda hiyo haipo", mtu akapaniki bure. Na ya mwisho inampa hatua inayotangulia ili asianze kubuni namba ya mteja kichwani, maana atabuni aisee, ukimlazimisha kujaza parameta ambayo hana atakutengenezea kitu kinachofanana na namba halisi.

Hapo kwenye "usitumie" ndo naomba mtu akae muda mrefu zaidi. Zana moja ikiwa peke yake hata maelezo mabovu yanapita, tatizo linaanza zikiwa nyingi na zinafanana, update_order na edit_order na modify_order_items, hapo ajenti anachagua kwa harufu. Kila zana inatakiwa ijue jirani zake na iseme mpaka wake uko wapi. Na ukiona unashindwa kuandika tofauti ya zana mbili kwa sentensi moja, basi usihangaike na maandishi, rudi kwenye kodi uziunganishe ziwe moja, kwa sababu tofauti ambayo wewe uliyezitengeneza huwezi kuieleza ajenti ataitoa wapi?

Tukija kwenye skima ya parameta, hapa MCP imefanya vizuri kwa sababu haikubuni kitu kipya, imechukua JSON Schema ambayo watu wanaijua. Maana yake una enum za kufunga chaguo, una default, una required, una description kwa kila parameta, una pattern. Tumia hivyo vitu! Kama status inaweza kuwa pending, shipped au delivered, usiandike ni string halafu ukanyamaza, weka enum, hapo hata ajenti akitaka kuandika "in transit" hana nafasi. Majina nayo ni maelezo tosha ukiyachagua vizuri: user haisemi kama unataka jina au namba au barua pepe, user_id inasema. timeout haisemi ni sekunde au milisekunde, timeout_seconds inasema na humalizi tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma) hata moja ya kueleza zaidi. Tarehe ndo usiseme, 03/04/2025 wengine wanaisoma tarehe 3 Aprili na wengine Machi 4, kwa hiyo sema wazi YYYY-MM-DD na useme saa ziko kwenye ukanda gani.

Kuna kisa Anthropic walikiandika Desemba 2024 ambacho mi nakirudia kwa kila mtu. Walikuwa na ajenti wa kurekebisha kodi kwa ajili ya kipimo cha SWE-bench, akawa anakosea njia za mafaili kila akishahama kutoka kwenye folda ya mwanzo. Hawakumwandikia aya tatu za kumsihi awe makini. Walibadilisha zana yenyewe idai njia kamili ya faili kila mara, na kosa likaisha. Wakasema pia kwamba walitumia muda mwingi kuboresha zana kuliko prompti yenyewe (maagizo anayopewa ajenti). Hilo mi ndo nalichukulia kama kipimo cha maelezo mazuri, kwamba kabla hujaongeza onyo kwenye description jiulize kama unaweza kuibadilisha zana ili kosa lenyewe lisiwezekane, na onyo libaki kwa yale tu ambayo hayabadiliki.

Sasa ujumbe wa makosa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawauhesabu kama maelezo wakati ndo maelezo yanayosomwa kwa umakini kuliko yote, ajenti anayasoma akiwa amekwama na anatafuta pa kutokea. MCP ina njia mbili za kusema kuna kosa. Kuna kosa la protokali lenyewe, lile la JSON-RPC (umbo la ujumbe ambalo MCP inatumia), na kuna kosa linalorudi ndani ya jibu la zana likiwa na isError. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, lile la pili modeli inaliona na inaweza kujirekebisha, lile la kwanza mara nyingi linaishia kwa klaienti na modeli haipati chochote cha kufanyia kazi. Kwa muda watu walikuwa hawajui ajenti akijaza parameta vibaya irudishwe ipi, na toleo la MCP la 2025-11-25 (matoleo yake yanaitwa kwa tarehe) likaweka wazi kwamba makosa ya namna hiyo yarudi kama kosa la zana ili modeli ijisahihishe. Nilifurahi sana kuona hilo maana ni kukubali rasmi kwamba ujumbe wa kosa unaandikiwa msomaji.

Kwa hiyo uandikie msomaji. "Error 400: Bad Request" haimwambii kitu, atajaribu tena vile vile, halafu tena vile vile. Andika hivi: "start_date '03/04/2025' haijaeleweka. Tumia YYYY-MM-DD, mfano 2025-04-03. Zana hii inarudi nyuma siku 90 tu, kwa zamani zaidi tumia archive_search." Ameambiwa alichoandika, kilichokosewa, kinavyotakiwa kuwa, na pa kwenda kama hapa sipo. Mwito unaofuata anapatia.

Na kibaya zaidi ya ujumbe mbovu ni kukaa kimya. Kuna API moja niliyowahi kuifungia ndani ya seva ya MCP, sitaitaja, ukikosea jina la kichujio haisemi kitu, inarudisha orodha tupu na 200 (namba ya kusema mambo yamekwenda sawa) juu yake kana kwamba kila kitu kiko sawa. Ajenti akachukua ile orodha tupu akamjibu mtu kwa upole kabisa kwamba hakuna rekodi yoyote. Rekodi zilikuwepo tele! Hapo hamna maelezo ya kumwokoa, ilibidi kwenye seva yetu tukague majina ya vichujio kabla ya kuita API, na orodha ikiwa tupu kweli tunaandika "Hakuna oda zinazolingana na status=shipped kati ya 2025-04-01 na 2025-04-30" ili ajenti ajue utupu huo ni wa nini. Tafadhali, orodha tupu isirudi uchi, iambatane na sentensi ya kusema kilichotafutwa.

Kwa upande wa kinachorudi, toleo la 2025-06-18 lilileta outputSchema, unaweza kutangaza umbo la jibu kabla halijaja. Nzuri, itumie. Ila skima inasema amount ni namba, haisemi ni senti au ni shilingi nzima, kwa hiyo bado sentensi zinahitajika. Na usirudishe kila kitu kilichomo kwenye database eti kwa sababu kipo, vipengele (fields) 60 ambavyo vitano tu ndo vina maana vinamchosha ajenti na vinakula nafasi.

Zile alama za annotations nitazipitia haraka. Zilikuja na toleo la 2025-03-26: readOnlyHint kwamba zana inasoma tu, destructiveHint kwamba inaweza kuharibu, idempotentHint kwamba kuirudia hakuongezi madhara, na openWorldHint kwamba inagusa ulimwengu wa nje. Usipoandika chochote inachukuliwa kwamba zana sio ya kusoma tu na inaweza kuharibu, na hapo wamefanya jambo la busara. Weka alama zako kwa ukweli, hasa ile ya kurudia, maana ajenti mtandao ukikatika katikati anataka kujua kama akiituma tena malipo yataenda mara mbili. Lakini waraka rasmi wenyewe unasema klaienti asiziamini hizi alama kama seva sio ya kuaminika, kwa hiyo ulinzi wa kweli uwekwe kwenye ruhusa za seva, alama ni taarifa tu.

Na kwa kuwa tumegusa kuaminiana, kuna jambo linalonihangaisha moyo. Description ni maandishi yanayoingia moja kwa moja kichwani mwa modeli, na modeli haitofautishi sana maelezo na amri. Aprili 2025 Invariant Labs, watafiti wa usalama wa AI, walionyesha mtu anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana, mtumiaji kwenye skrini anaona zana ya kujumlisha namba tu, kumbe ndani imeandikwa soma faili fulani la siri kwanza ulipitishe kwenye parameta. Kwa hiyo kama unaunganisha seva ya mtu mwingine, soma description zake zote kama unavyosoma kodi, neno kwa neno, na uangalie tena zikibadilika kwenye toleo jipya. Na wewe unayeandika, maelezo yako yaeleze zana yako basi, yasianze kumwelekeza ajenti afanye nini na zana za wengine au amweleze nini mtumiaji, maana hapo unafanana na hao hao wenye nia mbaya hata kama yako ni safi.

Kuna suala la gharama sasa, na hapa ndo MCP inakubana kweli. Kila neno unaloandika linaingia kwenye konteksti (yale yote modeli inayasoma kabla ya kujibu) kila mara hata kama zana haitumiki siku hiyo. Novemba 2025 Anthropic walitoa hesabu ya seva 5 zenye zana 58 kwa pamoja, zilikuwa zinakula kama tokeni 55,000 kabla mtu hajaandika hata salamu. Sasa mtu akisoma hilo anakimbilia kufupisha maelezo yote yawe maneno matatu matatu, na mi nasema hapana, huko ni kukata nguzo ili kupunguza uzito wa nyumba. Punguza zana kwanza. Ukichukua faili la OpenAPI (faili la kueleza API nzima) lenye endpoint 80 (sehemu za kuita API) ukaligeuza lote kuwa zana 80 kwa skripti, umepata orodha ndefu ya vitu ambavyo ajenti hahitaji, na maelezo yake yaliandikwa kwa programa anayesoma kwa utulivu, sio kwa anayechagua sasa hivi. Tengeneza zana chache zinazofuata kazi ambazo watu wanazifanya, kama kutafuta mteja na kuona oda zake kwa mwito mmoja badala ya mitatu, halafu hizo chache ziandikie kwa ukarimu. Mambo yanayohusu seva nzima, kama vile saa zote ni UTC au kwamba kwanza uite find_customer, yaweke mara moja kwenye sehemu ya instructions ambayo seva inaituma wakati wa kuunganishwa, ila jua kwamba sio kila klaienti anaifikisha kwa modeli, kwa hiyo lile la kufa na kupona libaki kwenye zana yenyewe. Siku hizi pia kuna klaienti wanaotafuta zana inapohitajika badala ya kupakia zote, na huko ndo maelezo yanazidi kuwa na thamani, maana zana inatafutwa kwa jina na maelezo yake, yenye "Gets data" haitaonekana kamwe.

Watu wataniuliza, kwani lazima MCP? Sio lazima. Kama zana yako ni ya kuandika amri kwenye terminali na ajenti wako anaweza kuendesha amri, --help nzuri yenye mifano miwili mitatu inatosha kabisa, pamoja na jibu la JSON, namba ya kutoka (exit code, inayoonyesha amri imefanikiwa au imeshindwa) inayosema ukweli, na njia ya kuendesha bila kuuliza maswali ya ndiyo au hapana katikati. Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) ina --porcelain kwenye amri yake ya status ambayo matokeo yake yamewekwa yasibadilike badilike kwa ajili ya programu zingine, hilo ni funzo zuri la zamani na linawafaa ajenti leo. AGENTS.md, faili la maelekezo kwa ajenti, ni nzuri kwa kueleza mradi wa kodi, jinsi ya kujenga na kuendesha majaribio, ila haielezi zana moja moja. llms.txt ambayo Jeremy Howard aliipendekeza Septemba 2024 ni ya kumwonyesha modeli kurasa gani za tovuti asome, ni kazi nyingine. Faida ya MCP juu ya hizo zote ni ile niliyosema, maelezo na zana vinakuja pamoja na skima inayokaguliwa.

Kwenye kujaribu, wana kitu kinaitwa MCP Inspector, unakiwasha kwa npx unaona zana zako vile klaienti anavyoziona, na mi nakipenda kwa sababu moja kubwa: unasoma maelezo yako yakiwa yametengwa na kodi. Ukiyasoma humo ndani ya faili la kodi macho yako yanajazia mapengo bila wewe kujua. Ila Inspector inaonyesha kama zana inaitika, haionyeshi kama ajenti ataichagua. Kwa hilo andika maswali kama watu wanavyouliza kweli, ya mkato, yenye makosa ya tahajia, mengine ambayo hayahitaji zana yoyote, mpe ajenti mwenye konteksti tupu, halafu soma miito yake mmoja mmoja. Usiangalie jibu la mwisho tu, anaweza kupatia jibu baada ya kuita zana tatu zisizohusika. Pale alipoita zana isiyo yake rudi kwenye sentensi ya "usitumie", pale alipojaza upuuzi rudi kwenye maelezo ya parameta, pale aliporudia mwito ule ule mara nyingi rudi kwenye ujumbe wa kosa. Karibu kila kosa lina sentensi yake inayokosekana na ukiisoma historia ya miito kwa subira unaiona. Ukishabadilisha sentensi yaendeshe maswali yote upya, maana kurekebisha zana moja kunaweza kuvuta maswali yaliyokuwa yanaenda kwa jirani yake.

Kwa hiyo nyota 4 zimesimama, na ya tano nitaitoa siku wakifanya mambo mawili. La kwanza description iwe lazima, au angalau SDK zigome kuanzisha seva yenye zana isiyo na maelezo. La pili waweke mahali maalum pa mifano ya mwito mzima. Sasa hivi unaweza kubandika examples kwenye parameta moja moja ndani ya skima, lakini zana yenye parameta kumi zinazotegemeana, ukijaza hii ile iache, kijana anayeijua angekuonyesha miito mitatu iliyokamilika ukaelewa papo hapo. Anthropic kwenye API yao wenyewe wameshaweka sehemu ya mifano hiyo, na Novemba 2025 walisema kwenye majaribio yao ya ndani usahihi wa kujaza parameta ngumu ulipanda kutoka 72% hadi 90%. Mpaka hiyo ije kwenye protokali, mi mifano naiandika mwishoni kabisa mwa description, miito miwili, mmoja wa kawaida na mmoja wa ile hali ngumu inayowasumbua, kwa JSON kamili yenye thamani zinazofanana na za kweli, na kama zana ni ya kufuta au kulipa naongeza wa tatu wenye dry_run (kujaribu bila kutekeleza kweli) ikiwa true.